Jina la Kumi na Sita

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kujaa, Emmaculate alimnyoa Mzee Nashon Okumbo. Kibanda chake kilikuwa juu kidogo ya soko la Homa Bay, na watu wa mji walikwisha kuzoea kumwona mwanamke ameshika wembe. Baba yake alikuwa kinyozi. Alipofariki alimwachia kiti, kioo, mashine mbili za mkono, na agizo moja: yule mzee asilipe kamwe, kwa sababu alikuwa Keya.

Emmaculate alijua Keya ni akina nani, kama kila mtu alivyojua. Ni wale vijana ambao serikali ya mkoloni iliwavalisha kaptula za kaki na kuwapeleka Burma kupigana na Wajapani. Alijua hivyo tu, na hakuwahi kuuliza zaidi. Alimnyoa mzee ndevu, akamkata kucha za miguu kwa kuwa mwenyewe hakuweza tena kuinama, akamfunga kamba za viatu na kumvusha barabara. Mzee akikaa kitini alifumba macho, midomo ikacheza kwa sauti ndogo kama ya mtu anayesali. Emmaculate alikuwa akipunguza redio kidogo ili asimkatize.

Mwaka wa tisini na tano, mvua za Mei zilipokuwa zinaisha, mzee alishikwa na malaria. Emmaculate alimpelekea uji nyumbani kwake kwa majuma mawili. Jumamosi ya kwanza aliporudi kitini, alifumba macho kama kawaida, midomo ikaanza kucheza, kisha ikasimama. Akaanza upya. Ikasimama tena palepale. Mara ya tatu Emmaculate aliona chozi likipita kwenye povu la sabuni.

Akaweka wembe chini. "Kwara, babu yangu, nimekukata?"

"Hujanikata, nyakwara, mjukuu wangu." Mzee alifungua macho. "Nimempoteza mtu."

"Nani?"

"Ndiyo taabu yenyewe. Sijui ni nani. Ni wa kumi na sita, na jina lake halipo."

Ndipo akamweleza. Ile haikuwa sala. Yalikuwa majina ya wenzake wa platuni waliokufa Burma, watu kumi na tisa, kila mmoja na kwao. Hawakuwa na kaburi ambalo mama zao wangeweza kulitembelea, na yeye hakujua kuandika. Kwa hiyo tangu mwaka wa arobaini na nne aliwaita kila asubuhi kwa mpangilio walivyofuatana kufa. Hakuruka siku hata moja, wala siku ya harusi yake, wala siku alipomzika mkewe.

Emmaculate alisimama na taulo mkononi. Alijaribu kupiga hesabu ya asubuhi hizo akashindwa. Miaka yote aliyomnyoa mtu huyu, alikuwa akinyoa mbele ya gwaride zima bila kujua.

"Unamkumbuka alivyokuwa?" aliuliza.

"Namkumbuka kuliko ninavyokukumbuka wewe ukiwa mtoto. Mfupi, pengo hapa mbele. Alipiga mluzi hata tulipokatazwa. Maji ya mwisho kwenye chupa yake alinipa mimi. Jina tu ndilo lililotoka na homa."

Emmaculate alichukua daftari na kumwomba amtajie wengine ili awaandike. Mzee akataja polepole. Were Obiero wa Alego. Gichana Nyabuto wa Kitutu. Kiprono arap Tuwei wa Kericho. Juma Feruzi wa Tabora. Alipofika wa kumi na sita alimwonyesha kwa kidole aache mstari mtupu, kisha akaendelea hadi wa kumi na tisa.

Mteja aliyekuwa akingoja kwenye benchi alikuwa amesikia yote. Aliitwa Noordin, mfanyabiashara wa nguo kutoka Migori, ambaye mara moja kwa juma alileta mizigo Homa Bay kwa pikapu yake.

"Samahani, mama," alisema. "Kule kwetu kuna mzee mmoja wa Kikuria, macho yake yamefifia. Naye alikuwa Burma. Kila Jumatano huja dukani kwangu. Ana kiti chake, na hata mimi mwenyewe sikikalii. Mke wangu humpa chai na kumtilia dawa ya macho."

"Anaitwa nani?" mzee aliuliza.

"Mji mzima tunamwita Mzee Keya. Jina lake, Mungu anisamehe, sijawahi kumuuliza." Noordin aliangalia chini. "Huenda hata hamkuwa pamoja. Lakini Jumatano asubuhi nitakuja kuwachukua, na mbele kwenye gari kuna nafasi ya watu wawili."

Jumatano hiyo Emmaculate alifunga kibanda. Mzee Nashon alivaa koti lake la kanisani na kukaa dirishani, mikono juu ya magoti. Walipoipita Rongo aliuliza, "Na kama naye amemsahau?"

Emmaculate alilikaza daftari mapajani.

Duka la Noordin lilikuwa kwenye barabara ya Isebania. Ndani, kati ya marobota ya khanga na vitambaa vya sare za shule, mzee mrefu aliyekonda alikaa wima kwenye kiti cha mbao huku kikombe kikitoa mvuke mkononi. Habon, mke wa Noordin, alikuwa amesimama nyuma yake akimpangusa macho kwa pamba.

"Mzee," Noordin alisema, "nimekuletea mgeni kutoka Homa Bay. Naye alikuwa Keya."

Mzee yule aliweka kikombe chini. "Asogee," alisema kwa Kiswahili cha kambini, maneno yametengana kama ya mtu anayetoa amri. "Ulikuwa wapi?"

"Bonde la Kabaw," alijibu Nashon. "Halafu mto Chindwin."

"Hata mimi." Alielekeza sikio kwenye sauti. "Unataka nini kwangu?"

"Kulikuwa na mtu mfupi, mwenye pengo, mpiga mluzi. Alikufa kabla hatujaufikia mto. Nimesahau jina lake."

Mzee yule alishika magoti, akainua kidevu, na kuanza kuita.

"Were Obiero, Alego. Gichana Nyabuto, Kitutu. Kiprono arap Tuwei, Kericho."

Emmaculate alifungua daftari na kufuata kwa kidole. Yalikuwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule, kutoka kinywa cha mtu aliyeishi ng'ambo ya pili ya vilima akiamini kwamba ni yeye peke yake duniani anayeyajua. Nashon naye alikuwa ameanza kuyataja kwa sauti ya chini, na sauti zile mbili zikaenda pamoja kama miguu ya watu walio kwenye kwata. Juma Feruzi, Tabora. Wa kumi na tatu. Wa kumi na nne. Wa kumi na tano. Nashon akanyamaza.

"Mutisya Kilonzo," alisema yule mzee. "Kwao Mwingi. Yeye ndiye wa mluzi."

"Mutisya," alisema Nashon. "Mutisya. Mutisya." Alishikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili, na Emmaculate akaandika jina lile kwenye mstari mtupu.

Lakini mzee yule hakuwa amemaliza. Alitaja wa kumi na saba, wa kumi na nane, wa kumi na tisa. Emmaculate akafunga kalamu. Kisha akasikia:

"Nashon Okumbo. Kanyada, kando ya ziwa."

Habon alibaki ameshika pamba hewani. Emmaculate alimtazama mzee wake, akaona uso umekuwa mtupu kabisa.

"Huyo wa mwisho," Nashon aliuliza, "alikufaje?"

"Homa. Alipakiwa kwenye gari la wagonjwa, nami ndiye niliyemwinua. Usiku ule gari liliporomoka bondeni. Asubuhi tuliambiwa wamekwisha wote."

"Mmoja alirushwa nje," alisema Nashon. "Wahindi wabeba machela walimkuta kwenye matope. Walimpeleka hospitali ya kwao, na kutoka huko akapandishwa meli." Alimsogelea. "Gisiri. Gisiri wa Marwa. Ulikuwa na nguvu. Uliniinua kwa mkono mmoja."

Mzee Gisiri alinyoosha mikono mbele, na Nashon akapiga magoti kwa taabu, Emmaculate akimshika kwapa, hadi mikono ile ikaupata uso wake. Vidole vilipita kwenye paji, kwenye pua, vikafika nyuma ya sikio la kushoto, mahali ambapo Emmaculate kila Jumamosi alipita wembe kwa uangalifu kwa sababu ya kovu la zamani. Vilipoligusa, vikasimama.

"Miaka hamsini na mmoja," alisema Gisiri. "Kila asubuhi nilikuita kati ya wafu."

"Nimesikia."

"Sasa nitafanyaje? Nikikuruka nitakosea hesabu."

Nashon alifikiri. "Usiniruke. Wewe ukifika kwangu, ngoja kidogo. Popote nitakapokuwa nitaitika."

Gisiri alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Noordin alitoka nje kwa haraka, akajifanya anapanga mabunda ya nguo barazani.

Habon alitandika mkeka nyuma ya duka na kuleta wali na nyama, akawanawisha wazee mikono kwa birika yeye mwenyewe. Walikula kidogo, wakazungumza sana. Emmaculate hakuelewa nusu ya waliyosema: majina ya milima, ya makoplo, ya nyumbu mmoja wa mizigo aliyekataa kuvuka daraja. Hakuuliza. Alikaa karibu nao magoti yamekunjwa, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya ibada na kupata nafasi ya mwisho.

Saa nane usingizi uliwashika hapohapo, wawili ubavu kwa ubavu kati ya marobota, mkono wa mmoja ukiwa juu ya kifua cha mwenzake. Habon aliwatazama, kisha akaenda mbele na kuurudisha mlango. Wateja walikuwa wanafika, na Noordin akawaeleza kwa kunong'ona. Hakuna aliyeondoka. Walisimama kwenye jua la barabara ya Isebania, na kondakta mmoja wa matatu alipoanza kuita abiria kwa kelele, mama muuza samaki alimwendea akamwonyesha kwa mkono anyamaze, naye akanyamaza.