Chaki Kwenye Sura ya Mwisho

Katika duka la ushonaji la shangazi palikuwa na sheria moja: suruali ikikamilika, sura moja isomwe. Shangazi alikanyaga cherehani, na binti wa kaka yake, aliyeketi juu ya gunia la vipande vya nguo, akasoma kwa sauti. Riwaya yenyewe ilikuwa ya kumsahaulisha mtu chakula: vijana saba wamefungiwa ndani ya jumba la fundi saa wakishindana kufumbua mafumbo. Atakayefungua kasha la mwisho atarithi jumba zima. Wengine watarudi kwao mikono mitupu. Na humo ndani kuna mwizi anayeiba vidokezo.

Binti alikuwa na fumbo lake. Wateja walimwita shangazi Jicho la Tai, maana zamani alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu. Siku hizi uzi ulizunguka tundu kama mgeni asiyeuona mlango. Ukimtajia miwani, anakuwa mbogo. Binti aliogopa kwamba siku moja sindano itapita kidoleni.

"Tufanye kama vitendawili," alisema siku walipobakiza sura moja. "Kila mtu amtaje mwizi. Atakayekosea atoe mji."

"Na mji unaoutaka wewe?"

"Kliniki ya macho. Kesho asubuhi."

Shangazi alisimamisha cherehani. "Nikishinda mimi, neno miwani lisitamkwe humu mpaka nife."

"Shangazi!"

"Haya, mpaka nizeeke."

Binti akamtaja pacha aliyeshindwa mapema. Sura ya tatu alidai hajui kusoma ramani, sura ya tisa akamsahihisha mwenzake ramani hiyohiyo. Shangazi akaomba muda wa kufikiri. Kisha, ghafla, uzi mweusi ukawa umekwisha, na binti akatumwa kuununua.

Aliporudi alimkuta shangazi anaimba.

"Ni mpishi wa jumba," shangazi akatangaza. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Binti aliona kliniki inamponyoka. Shangazi hakuwahi kumshuku mpishi hata siku moja, na sasa alikuwa na hakika kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe. Fundi viatu wa duka la jirani naye alikuja kusikiliza mwisho, nyundo bado mkononi, akaegemea mlango.

Binti akasoma. Kasha likafunguliwa. Taa zikawashwa. Aliyekamatwa na vidokezo ndani ya soksi alikuwa pacha.

"Haiwezekani!" Shangazi aliruka, tepu ikamdondoka shingoni. "Soma vizuri! Mchana huu huu fundi viatu kanisomea, akasema ni mpi..."

Akajiziba mdomo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Binti aliinua ukurasa wa mwisho kwenye mwanga. Alama za vidole vinne vya chaki ya buluu ya kuchorea nguo, wazi kabisa, kama mhuri.

"Shangazi, hivi vidole vya nani?"

"Labda vya mpishi."

Fundi viatu alicheka mpaka akashika mlango. "Nilimdanganya makusudi, mwanangu, ili aende kupimwa macho. Kwanza alinipa kitabu kichwa chini. Halafu tazama!" Akajaribu kutia mkono mfukoni mwa suruali yake, ukagoma. "Umenishonea mdomo wa mfuko, Jicho la Tai. Wiki nzima nagonga ukuta."

Shangazi alicheka pia, akajifuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Kisha kicheko kikamwishia taratibu.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Daktari akiniambia nifunge cherehani, mimi nitakuwa nani?"

Binti hakuwa ameliwaza hilo. Siku zote alidhani ni kiburi tu. Alishuka kwenye gunia, akaushika mkono ule wenye chaki.

"Tutaingia wote. Akisema neno baya, nitambishia mimi."

"Wewe? Hata kuku humbishii."

"Nitaanza kesho."

Shangazi alimtazama kwa muda, macho yamekunjwa kama anayesoma bango la mbali. "Haya. Mji umeupata. Ila riwaya ijayo nitasoma mimi, wewe utashona."

"Na mfuko wangu?" aliuliza fundi viatu.

"Wako nitaufungua bure. Subiri kesho, nione kwanza mlango wake uko wapi."