Moyo Uliopona Kabla ya Kuuma

Daktari Ntumba Martine alijichagulia kazi isiyo na asante. Kwa miaka ishirini, mjini Lubumbashi, alichunguza picha za moyo ili agundue jeraha kabla mgonjwa hajasikia hata kichomi. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Walisahau kuongeza kwamba uliyemkinga atakuita mwongo.

Mama Mwansa, muuza samaki, alikuwa akitibiwa saratani ya titi, na dawa zenyewe zikaanza kuudhuru moyo wake. Picha ikaonyesha madhara hayo mapema, Martine akampa vidonge vya moyo, na moyo ukarudiwa na nguvu zake bila mwenyewe kuhisi lolote. Hapo ndipo daktari alipokosea.

Jumapili moja Mama Mwansa alimwalika kanisani kwake kwa ibada ya shukrani, kisha akashika maikrofoni.

"Docteur alisema mutima yangu iko naharibika. Mungu alikatala. Haikuniuma hata siku moja."

Waumini wakapiga vigelegele. Mchungaji akamsimamisha Martine, akamwombea afunguliwe macho, halafu akatangaza kwamba kanisa limemsamehe. Martine akaitikia amina. Angefanyaje? Miaka ishirini ya utafiti haina kwaya.

Ibada ilipokwisha, Mama Mwansa akamvuta pembeni, akapunguza sauti.

"Docteur, ile dawa iko karibu kuisha. Utaniandikia ingine?"

Martine, kwa kuwa alikuwa ameshasamehewa, akamwandikia.