Kufuli Kwenye Kisanduku cha Wahusika

Mkutubi wa maktaba ya mahakama aliandika neno moja kwenye kompyuta, akabonyeza, akaguna.

"Mama, hapa tuna kazi. Hukumu elfu mbili na mia nne!"

Mshonaji, aliyekaa ng'ambo ya meza na mkoba magotini, alinyoosha shingo kuona. Tangu asubuhi walikuwa wakilitafuta jina la marehemu baba yake. Karani wa enzi zile aliliandika alivyolisikia, nao walikuwa wamejaribu tahajia tatu, wakaambulia patupu. Ndipo mshonaji akakumbuka kuwa baba alikuwa fundi wa kufuli, na mtaa mzima ulimwita Kufuli, hata polisi waliomkamata kwa wizi wa duka alilolitengenezea mlango.

"Zote hizo ni zake?"

"Wapi! Kila mwizi aliyevunja kufuli nchi hii yumo humu. Mashine inapekua hukumu nzima, neno kwa neno."

"Sasa mwanangu, mimi kufuli la mlangoni la nini? Namtaka Kufuli mtu."

Mkutubi akamtazama. "Hapo umenena." Akalifuta neno kwenye kisanduku kikubwa, akaliandika kwenye kidogo cha chini, Wahusika, panapokaa majina ya wenye kesi tu, pamoja na lakabu zao.

Ikatoka hukumu moja.

Mshonaji akasogeza kiti. Nyumbani mama yake alikuwa mgonjwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa, na kila kukicha swali lake lilikuwa lile lile: walisemaje? Kufuli alikata rufaa, akafia gerezani kabla ya jibu. Wakili naye akahama bila kuaga. Baba mdogo ndiye aliyetangaza kuwa rufaa ilitupwa. Miaka thelathini na moja watu wakamwamini, isipokuwa mama.

"Nisomee mwisho."

"Rufaa imekubaliwa. Hatia imefutwa. Mrufani aachiwe huru mara moja." Sauti ya mkutubi ikashuka. "Tarehe kumi na tisa."

Baba alifariki tarehe nane, mwezi ule ule. Hakuna aliyewaambia majaji.

Njia nzima mshonaji aliapa kuimeza ile tarehe. Alipofika alikaa ukingoni mwa kitanda, akaisoma nakala ya hukumu polepole. Mama alisikiliza, macho kayafumba.

"Rudia pale pa kuachiwa."

Akarudia.

"Tarehe ngapi?"

Mtu kangoja miaka yote hiyo, leo umdanganye?

"Kumi na tisa, mama."

Vidole vya mama vikahesabu juu ya shuka, kimoja kimoja, vikasimama.

"Siku kumi na moja. Walipokuja kufungua, mwenyewe alishatoka."

Chozi likamshuka hadi sikioni, asilifute.

"Mwite baba yako mdogo," akasema. "Aje aisome yeye. Kwa sauti, na mlango uwe wazi."