Nafasi ya Jina la Mnunuzi

"Hivi shoga, mtu anaweza kuitwa polisi kwa gari aliloliuza?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu mshonaji siku moja, tukianika nguo. Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe mwenzangu alikuwa anatoka huko huko polisi. Aliuza kigari chake, akapeana mkono na mnunuzi, basi, wakaachana. Mnunuzi hakubadilisha jina. Gari likavunja ukuta wa duka la watu, na kadi ya gari ikasoma jina la nani? La mshonaji.

Kwa hiyo nilipoamua kuuza gari aliloniachia marehemu mume wangu, ambalo lilikuwa limeshaandikwa jina langu, nilisali kwanza, kisha nikajipanga. Nikatoa nakala ya kitambulisho. Nikaandaa mkataba wa mauziano, nakala moja yangu na moja ya mnunuzi. Fomu ya kuhamisha umiliki nikaijaza upande wangu. Kadi ya gari nikaikalia, na si maneno ya mafumbo: niliiweka chini ya mto wa kiti, nikakaa juu yake.

Mnunuzi aliletwa na shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Bwana mmoja mrefu, mpole, viatu vimefutwa vikang'aa. Akaliwasha gari, akalisikiliza, akaenda nalo hadi kona na kurudi.

"Halina neno, mama," akasema. Tukaingia sebuleni.

Shemeji akaivuta fomu. "Hapa wewe weka saini tu. Hapa kwa mnunuzi paache wazi."

"Kwa nini?"

"Atajaza akifika nyumbani."

"Kwani jina lake ameliacha nyumbani?"

Yule bwana akakohoa. Shemeji akacheka kicheko cha kunifunika. "Shemeji nawe! Watu wote wanauza hivyo. Usimchoshe mgeni."

"Mgeni hajachoka, amekaa. Baba, andika jina lako hapo, nami niweke saini. Kesho twende wote ofisi ya usajili, kadi ibadilishwe jina nikiona. Ukitoka pale, hata ukilipeleka gari mwezini, shauri lako."

Yule bwana akaitazama fomu, akamtazama shemeji, akashusha pumzi. "Mama, siwezi kukudanganya ndani ya nyumba yako. Mimi ni dereva tu. Anayenunua ni huyu."

Nikageuka. Shemeji alikuwa anaikagua dari utadhani fundi aliyeitwa kuziba bati linalovuja.

"Ni wewe unayelitaka?"

"Nilijua ungeniletea maswali mengi."

"Maswali gani? Gari la kaka yako, nani angekunyima? Hata bei ningekupunguzia. Haya, andika jina lako tumalize."

Nilisema kweli, Mungu ni shahidi. Nilishaanza hata kufurahi kwamba gari litabaki kwenye ukoo.

"Jina langu?" akaruka. "Si faini zote zitanifuata mimi!"

"Na hili langu likibaki, zitamfuata nani?"

"Wewe ni mjane, shemeji. Ukiitwa polisi, ukaenda na huo mtandio wako na sala zako, watakuonea huruma."

Dereva akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifuta machozi. Hata mimi midomo ilinicheza. Lakini jina langu halijawahi kuitwa mahali pabaya, na sikuwa tayari kulizungusha mjini chini ya mguu wake.

"Sikiliza, shemeji. Kama huandiki, gari halitoki. Litakaa hapo nje mpaka liote nyasi, na mimi nitakuwa nalimwagilia."

Nikamsogezea kalamu.

Akaishika. Akaweka ncha yake kwenye karatasi, nikadhani anaandika. Dereva naye akainama kidogo ili aone. Shemeji akaipandisha tena, akaifunika kifuniko chake taratibu, akailaza juu ya fomu. Akavaa kofia, akatoka.