Mashimo Matupu

Katika nyumba ile mahindi hayakuwahi kupandwa kwa kamba. Wengine walifunga kamba toka kigingi hadi kigingi. Mzee yeye alitupia jicho ng'ambo ya shamba, akashika jembe, akaenda akipiga mashimo. Mkewe alimfuata na bakuli la mbegu, anadondosha, anafukia kwa unyayo, anasonga. Ndivyo walivyopanda tangu ujana wao, na mistari yao ilinyooka mpaka wapita njia walisimama kuitazama.

Msimu huo, mstari wa kwanza haujafika katikati, mama akaona mashimo yanakwenda kombo. Mwanzo kidogo tu, kisha yakazidi kuvutika kushoto, kama mbuzi aliyeona majani. Akafungua mdomo, akaufunga. Alijua macho ya mumewe yameingia ukungu, maana asubuhi alikuwa akikipapasa kikombe mezani kabla ya kukishika. Hakujua kama ukungu umefika kiasi hiki.

Kijana wao mkubwa, fundi pikipiki, alikwisha sema: "Baba, ukishindwa useme. Nitaleta trekta, wewe ukae kivulini upumzike."

"Siku mkinikalisha kivulini," mzee alimjibu, "tafuteni na sanda kabisa."

Kijana alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyo miaka yote, alijua lini anatania.

Basi akafanya alivyoweza. Aliliacha shimo la mzee, akasogea pale mstari ulipotakiwa kupita, akatoboa udongo kwa kisigino, akadondosha mbegu, akafukia. Udongo ulikuwa laini, ulikubali. Mashimo ya mzee aliyaacha wazi. Kuyafukia nayo kungemchelewesha, na mzee angesikia hatua zake zimebaki nyuma, angeuliza, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazima. Akaenda hivyo hivyo shamba zima. Jioni kisigino kiliwaka moto. Akakipaka mafuta, akasema amechomwa na mwiba.

Mahindi yakaota, yamenyooka. Jirani yao, waliyemwita Redio kwa kutozimika, akasimama njiani na baiskeli yake.

"Mzee, umetumia rula? Vijana wa siku hizi ukiwapa shamba watakuchorea nyoka."

"Waje nikawafundishe," mzee akasema, na siku hiyo alioga mapema, akavaa shati la kutokea ingawa hakuwa na pa kwenda. Mama alikuwa akichambua maharage. Aliinamia ungo, hakuinua uso.

Ikanyesha mvua moja nzito, kisha wakaingia kupalilia. Mzee alipalilia peku, akiutafuta mche kwa vidole vya mguu kabla ya kushusha jembe. Mguu ukazama kwenye shimo lenye maji. Akapiga hatua, ukazama tena. Akachuchumaa. Akapapasa shimo, akapapasa mche uliokuwa kando yake, kisha akaupima mwanya kwa kiganja. Akasogea kwenye shimo la mbele, akapima tena. Mama alisimama tuli na jembe lake.

"Mama watoto."

"Bee."

"Kule mwisho mwanya una ukubwa gani?"

Angeweza kudanganya. "Kule ni hatua nzima, baba."

Mzee akajifuta matope kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

"Kwenda kombo si neno," akasema. "Lakini umeniacha nikavimba kichwa mbele ya Redio kwa kazi ya kisigino chako."

"Niliogopa watakukalisha."

"Na wewe ukanikalisha mwenyewe. Kimyakimya."

Walipalilia mpaka jua likakaa utosini, kila mtu upande wake.

Kijana alifika akiwa amebeba pampu ya dawa mgongoni. Akaisifu mistari. Mzee akamkata kauli.

"Hii ni mistari ya mama yako. Mimi sioni. Ukitaka habari za trekta, muulize yeye, ndiye aliyelipanda shamba hili."

Kijana akamtazama mama yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo la shamba. Alizoea kuulizwa chumvi iko wapi. Akaiweka sawa kanga kiunoni.

"Trekta mwakani, tutaona. Maharage nitapanda mwenyewe kati ya mistari. Wewe piga dawa. Baba yako atafukia."

Kufukia ni kazi wanayopewa watoto. Kijana akataka kusema neno, mzee akamwinulia mkono anyamaze.

Siku ya maharage mama akatangulia na jembe, bakuli la mbegu ubavuni. Mzee akamfuata nyuma, akitafuta kila shimo kwa kidole gumba cha mguu, akisukuma udongo, akishindilia kwa unyayo. Alikuwa mzito, akabaki nyuma sana. Mama akapunguza mwendo.

"Usinisubiri," mzee akasema. "Piga mashimo."

Mama akainama, akapiga lililofuata.