Kishindo Nyuma ya Ukuta

Baba yake hakumwona akiruka, lakini alimsikia. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa hadi ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, na nje ya ukuta huo ndiko binti alikofanyia mazoezi: sakafu ya kufulia, ngazi fupi ya saruji, kijiukuta cha kuzuia maji ya mvua, na mnara mfupi wa matofali uliobeba tangi. Kila alipotua, kishindo kilipita ardhini, kikapanda miguu ya kitanda, kikamfikia baba mgongoni, pale pale palipovunjika.

Baba alikuwa fundi wa majukwaa, yale ya mbao na mabomba ambayo waashi husimama juu yake. Ujana wake wote alipanda maghorofa, na siku moja akashuka bila kupitia ngazi. Wenzake walipokuja kumjulia hali, mmoja wao alisema, kwa nia njema tu, kwamba laiti mwenzao angejua kuanguka, leo angekuwa anatembea. Walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakaondoka. Binti alibaki na neno lile. Hakuwahi kufikiri kwamba kuanguka nako kunafundishwa.

Ndivyo alivyoanza. Katika simu ya mama aliona vijana wa mbali wakicheza parkour, wakikimbia, wakiruka kuta, wakitua na kubingirika begani kama mpira, kisha wakasimama wakicheka. Yeye hakuwa na mwalimu wala mwenzake. Alijifunza mchana, mama akiwa kazini katika chumba cha kufulia cha hospitali, na maumivu ndiyo yaliyomsahihishia. Alipotanguliza kisigino, meno yaligongana. Alipobingirikia uti wa mgongo badala ya bega, siku kadhaa aliinama kama bibi kizee. Makosa yake aliyakumbuka kwa viungo: hili la goti, lile la kiwiko.

Mama alipogundua, hakufoka. Aliuliza tu ni nani atakayemwinua baba. Maana asubuhi na jioni ni binti aliyepitisha mikono chini ya makwapa ya baba, akamketisha, akamgeuza ili asipate vidonda. Mgongo wa mama ulikuwa umeshachoka na mashuka ya wagonjwa.

"Ukivunja mguu," mama alisema, "umevunja miguu ya watu wawili."

Jirani yao, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, naye alitoa lake. Alisema amepata kuona mbuzi aliyemeza pilipili, lakini hata yule alichoka. "Mtembezi hula miguu yake," akaongeza. "Wewe mwenzetu sijui unakula nini."

Baba peke yake hakusema kitu, na binti akauchukua ukimya ule kuwa ni ruhusa.

Polepole akajua kwamba dalili ya kutua vizuri ni kutosikika. Alitua kwa nyayo za mbele, magoti yakalegea, mwili ukanywea. Kishindo kikafifia hadi kikawa kama cha mto uliodondoka kitandani. Alifurahi mara mbili: kwamba anaweza, na kwamba baba hasumbuki tena.

Kilichobaki ni pengo moja, kutoka kwenye mnara wa tangi hadi ukuta wa nyumba ya jirani ambayo ilikuwa haijamalizika. Alilitazama pengo lile mpaka likamwingia ndotoni. Siku aliyoamua, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Alifumba macho akasema, Ee Mungu, nishike, akakimbia, akaruka.

Juu ya ukuta kulikuwa na ukungu wa kijani, laini kama sabuni. Mguu uliteleza, muundi ukagonga ukingo wa tofali, naye akadondoka katikati ya vifusi. Bega lilikumbuka somo lake, likabingirika. Lakini muundi uliwaka moto. Hakulia. Alijiziba mdomo kwa mkono wa shati ili baba asisikie, akalala pale akimeza maumivu.

Ndipo aliposikia kishindo. Kilitoka ndani.

Alichechemea hadi chumbani. Baba alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, akijikokota kwa viwiko, shuka limemnasa miguuni.

"Umevunjika?" baba aliuliza.

"Hapana."

"Simama vizuri nikuone."

Alisimama, damu ikichuruzika kwenye soksi. Kisha akainama kumwinua kama siku zote, na mguu ukakataa. Alijaribu tena, wakaanguka wote. Maneno ya mama yakamrudia, na safari hii yalikuwa na uzito wa mwili wa baba yake.

Wakabaki sakafuni, wameegemea kitanda.

"Zamani nilikuwa nasikia kishindo, najua umetua," baba alisema. "Sasa nasikia mbio zako, halafu sisikii kitu. Nakaa na kimya hicho, mwanangu. Leo kimezidi."

Binti alilia, akasema kwamba aliomba kabla ya kuruka. Kila mgeni aliyemuuliza baba habari za ajali yake alijibiwa kwamba Mungu ndivyo alivyopenda, akaitikia, yakaisha.

"Mimi pia niliomba siku ile," baba alisema. "Mungu hakuniangusha. Ubao sikuufunga." Akamgeukia. "Ule ukuta uliupapasa kwanza?"

"Sikuupapasa."

"Basi."

Redio, aliyesikia vishindo, alifika mbio, na kwa mara ya kwanza alikosa matangazo. Alishika upande mmoja, binti upande mwingine, wakamrudisha baba kitandani. Mlangoni ndipo alipouliza kama mama ataambiwa na yeye au na wao wenyewe. Baba alisema watamwambia wenyewe.

Mama aliwasikiliza wote wawili. Alisafisha kidonda cha binti, akachukua simu yake, akaitia mkobani. Ilimchukua baba siku nyingi kumwomba amruhusu binti aruke tena, na alichopata ni kijiukuta cha mvua tu, na sharti kwamba kila binti akitua, agonge ukuta wa chumba, naye baba ajibu.

Mguu ulipopona, binti alirudi uani. Alipitisha kiganja juu ya kijiukuta chote, akaruka. Alitua kimya kabisa. Akagonga ukuta kwa konzi na kungoja.

Ndani hakukujibu mtu.

Labda amelala. Akagonga tena. Labda ameteleza kwenye mto, pumzi imembana. Aliweka kiganja kwenye plasta iliyopasuka, moyo ukimwenda mbio kuliko alipokuwa anakimbia, na akajua kuwa hiki ndicho alichokuwa akimpa baba yake kila mchana. Alikuwa ameshageukia mlango, jina la Mungu mdomoni, konzi ya baba ilipogonga kutoka upande wa pili, mara moja, taratibu.

Kisha akarudi kwenye kijiukuta, akakipapasa upya.