Umeme wa Mama Dorcus na Mama Ayoo

Bilhah Kemuma alitoka kuanua nguo nyuma ya nyumba za kambi ya wafanyakazi wa chai, Jumamosi mchana, akakuta blanketi lake liko chini na bata amelilalia. Mahali pake kwenye kamba palining'inia shuka ya jirani yake, Syprose.

"Mama Ayoo! Hii kamba ni ya mama yako?"

"Na wewe Mama Dorcus, uliinunua lini?" Syprose akajibu kutoka mlangoni, mikono kiunoni.

Wakagombana kwa bidii. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mvua ilikuwa imegoma, na mto uliozungusha mtambo wa umeme wa shamba la chai ulibaki mawe matupu. Dizeli nayo ilikuwa haishikiki tangu bei ya mafuta ipande. Kiwanda kilikuwa kimelala, majani mabichi yakichacha kwenye magunia. Syprose alipofika kwenye habari za ukoo wa Bilhah huko Kisii, taa za kiwanda zikawaka na mashine zikaanza kusaga.

Kipkemoi, fundi wa umeme, aliufuata waya. Waya huo ulipita juu ya mapaa ya kambi ukienda kiwandani na kwenye nyumba ya meneja, bila kushuka kwa mfanyakazi yeyote. Chini yake akawakuta wanawake wawili. Walipomwona walinyamaza kwa heshima, kiwanda kikazima.

"Aa, mama, msiache," akasema. "Pale mlipofika kwa ng'ombe wa mahari, hapo moto ulikuwa mzuri."

Jumatatu walitolewa kwenye kuchuma majani, wakapewa viti viwili. Asubuhi waligombana kwa ajili ya mashine, jioni kwa ajili ya taa za meneja na friji yake. Chai ya siku hizo ilisifiwa, ingawa ilikuwa kali kidogo.

Mwezi haujaisha, Dorcus, mtoto wa Bilhah, akabanwa na kifua kwa moshi wa koroboi, taa yao ya mafuta. Bilhah alishikwa na bumbuwazi. Syprose ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mpaka Litein kwa daktari, akamrudisha anapumua vizuri, kisha akaingia jikoni na kukoroga uji bila kuambiwa. Bilhah alimtazama akikoroga, akajua kazi imeharibika.

Asubuhi wakakaa kwenye viti vyao.

"Wewe mchawi," Bilhah akasema.

"Wewe pia," Syprose akasema, akimpa ndizi.

Hakuna taa iliyowaka. Meneja akashuka mwenyewe kuuliza shida ni nini.

"Tumepatana, bwana," Bilhah akasema. "Lakini tutajaribu tena. Tuwekee tu taa moja moja kwa nyumba, watoto waache kumeza moshi. Waya si uko hapa juu?"

Meneja aliutazama waya, akayatazama mapaa. Akasema umeme huo ni wa kazi, si wa kambi.

Bilhah alihisi hasira ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Kando yake Syprose alikaza leso kiunoni. Kiwanda kikanguruma kama fahali, na taa zote za meneja zikawaka mchana kweupe. Kipkemoi akasema hajawahi kuona moto mwingi namna hiyo, wala hauhitaji maneno, hasira tu inatosha.

Wakaja wakubwa wawili wa umeme kutoka Nairobi. Walieleza kwamba nchi inajenga mabwawa kwenye mto Tana na inatafuta mvuke chini ya ardhi karibu na Naivasha, lakini chanzo hiki kilikuwa kizuri kwa sababu hakingoji mvua. Mmoja akauliza kama kinaweza kuisha.

"Wakipewa taa, kitaisha," Kipkemoi akasema.

"Basi wasipewe," akasema yule mkubwa, akamalizia chai yake.

Mvua zilirudi, mto ukajaa, lakini mtambo wa mtoni haukuwashwa tena, wala viti havikuondolewa. Jioni moja, giza likianza kuingia, wale wawili walikuwa wakirudi nyumbani Syprose akateleza, akakaa chini pu matopeni na kusema jambo kwa Kijaluo. Bilhah akaangua kicheko. Syprose naye hakujiweza. Kule kilimani taa za meneja zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa.

Askari wa lango akaja mbio na tochi.

"Mama, tafadhali," akasema kwa adabu. "Msicheke kwanza. Bwana hajamaliza kula."

Bilhah akabana mdomo. Wakasimama palepale kwenye matope, wameshikana mikono, kila mmoja akitafuta la kumuudhi mwenzake, mpaka sahani za meneja zikaondolewa mezani.